Karate ya Okinawa na Kijana wa Kiislamu

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu wasomaji wa ukurasa huu, wazazi wametuuliza na vijana vile vile wametuuliza, tena kwa maneno yanayopingana. Baba anasema: mwanangu huenda jioni katika nyumba moja, huvua viatu mlangoni, humwinamia mtu, hupiga makelele kwa lugha ya Kijapani, na akirudi vifundo vya vidole vimechubuka, je, hiyo si ibada ya watu wengine? Mtoto naye anasema: najifunza kuulinda mwili alionipa Mola wangu, mwalimu wetu anatukataza ugomvi, na tangu niingie nimeacha kukaa kijiweni na wavuta bangi. Kila mmoja ana hoja yake, na nyumba yenye hoja mbili zisizokutana haina raha. Kwa hivyo mwezi huu tumeona tulieleze jambo hili la karate, khasa ile ya asili ya Okinawa, kwa kadiri ya ujuzi wetu.

Kwanza tuijue yenyewe, kwani kuhukumu jambo kabla ya kulijua ni dhulma. Okinawa ni kisiwa kikubwa katika silsila ya visiwa vya Ryukyu, vilivyo baina ya Japani na Taiwan. Zamani visiwa hivyo vilikuwa na mfalme wao, makao yake Shuri, na tangu mwaka 1429, falme tatu zilipounganishwa kuwa moja, watu wake waliishi kwa biashara ya bahari kama walivyoishi watu wa pwani yetu. Vyombo vyao vilikwenda China, Siam na Malaka, vikirudi na hariri na vyombo vya kaure, na pamoja na bidhaa vikirudi na elimu. Malaka ya siku hizo ilikuwa chini ya sultani wa Kiislamu. Kwa hivyo haikosi mabaharia wa Ryukyu walikwisha kuisikia adhana zaidi ya miaka mia tano iliyopita, kabla sisi hatujalisikia jina la Okinawa. Mwaka 1609 jeshi la Satsuma, kutoka kusini ya Japani, liliwashinda, na mwaka 1879 Japani ikaufuta ufalme huo na kuifanya nchi mkoa wake.

Katika nchi hiyo kulikuwako elimu ya kupigana iliyoitwa kwa ufupi "mkono", nayo ikachanganyika na elimu ya Wachina wa Fujian, hata ikaitwa tode, yaani "mkono wa China". Kila mji ulikuwa na namna yake: Shuri kwenye makao ya mfalme, Naha bandarini, na Tomari jirani yake. Wengi wamesikia kuwa ilibuniwa na wakulima maskini waliopokonywa silaha. Ni kisa kizuri, lakini wajuzi wa leo wanakitilia shaka, kwani waalimu mashuhuri ambao majina yao yamehifadhiwa wengi wao walikuwa watu wa daraja, wenye kazi katika dola ya mfalme. Na haikufundishwa hadharani. Funakoshi Gichin, aliyezaliwa mwaka 1868 na kufariki mwaka 1957, alikuwa akienda usiku nyumbani kwa mwalimu wake, akijifunza uani chini ya taa, naye ameeleza kuwa miaka kumi ilipita katika kata tatu tu. (Kata hapa si kata ya diwani, ni mfuatano wa hatua na mapigo uliopangwa, ambao mwanafunzi huurudia peke yake kama anayepigana na adui asiyeonekana.) Kijana wa leo anayetaka kubadilishiwa mshipi kila baada ya miezi mitatu na aupime subira yake hapo.

Mtu aliyeitoa elimu hii uani na kuitia shuleni ni Itosu Anko, naye alifariki mwaka 1915. Katika miaka ya mwanzo ya karne iliyopita aliingiza mazoezi haya katika skuli za Okinawa, akatunga kata tano nyepesi kwa ajili ya watoto, na mwaka 1908 akaandika waraka wa vifungu kumi kuwaeleza wakubwa faida yake. Tunawaomba wazazi walizingatie jambo moja katika waraka huo. Mwanzoni mwake kabisa Itosu ametamka kuwa tode haikutokana na dini ya Buddha wala na mafundisho ya Confucius. Kisha katika kifungu cha kwanza anaeleza kuwa si elimu ya kumkabili mtu mmoja kwa ugomvi, bali ni njia ya kuepuka madhara pale mtu anapovamiwa na jambazi. Mwalimu huyo hakuwa Muislamu wala hakuwa akitufikiria sisi, naye ametujibu nusu ya swali letu kabla hatujaliuliza.

Na zile safu, na kule kuhesabu kwa sauti, na kuitikia kwa pamoja, ambavyo mzazi akivitazama kutoka dirishani hudhani ni uradi wa dini ngeni, asili yake ni gwaride la skuli. Mwalimu mmoja alikuwa na watoto wengi mbele yake, na Japani ya siku hizo ilipenda gwaride. Kule uani alikojifunza Itosu mwenyewe hapakuwa na safu. Palikuwa na mwalimu na mwanafunzi, au wawili watatu.

Lakini haki lazima isemwe yote. Tarehe 25 Oktoba 1936 waalimu walikutana mjini Naha kwa mwaliko wa gazeti la huko, wakakubaliana kuliandika jina hilo kwa herufi zenye maana ya "mkono mtupu" badala ya "mkono wa China". Siku hiyo ndiyo mkoa wa Okinawa ulioifanya, mwaka 2005, kuwa Siku ya Karate. Mkono mtupu kwa maana ya mkono usio na silaha hauna ubaya. Hata hivyo wako waliouchukua utupu huo wakaufasiri kwa mafundisho ya Kibudha, na Funakoshi ni mmoja wao. Tena katika dojo nyingi za Japani hutundikwa ukutani kijumba kidogo cha mbao cha dini ya Shinto, wakiita kamidana, na wanafunzi hukiinamia. Basi anayesema karate yote ni ibada amekosea, na anayesema hamna kabisa jambo la kuangaliwa amekosea pia. Inategemea nyumba uliyoingia na mtu anayeiongoza.

Dojo ni mahali pa mazoezi tu. Huko Okinawa nyingi si majumba makubwa. Mwalimu ana kazi yake mchana, na sehemu ya nyumba yake, au ukumbi ulio chini ya vyumba vya kulala, ndiyo dojo. Jioni huja watoto wa mtaa, kisha huja watu wazima, na mzee wa miaka sabini husimama safu moja na kijana wa kumi na saba. Ukutani pana picha za waalimu waliopita. Pembeni pana makiwara, nao ni ubao uliosimikwa ambao kichwa chake kwa desturi kimezungushiwa kamba ya majani ya mpunga, wa kuupiga ngumi. Pana chi ishi, jiwe lililotiwa mpini, la kutia nguvu kiwiko na bega. Na pana mitungi ya udongo ambayo mtu huishika mdomoni kwa ncha za vidole, akatembea nayo polepole kwa hatua za kupinda mguu. Wale mama zetu waliobeba maji ya kisima nadhani wangeicheka kazi hiyo kuitwa mazoezi.

Miongoni mwa waalimu wa huko yuko Miyagi Chojun, aliyezaliwa mwaka 1888 na kufariki mwaka 1953, mwasisi wa njia iitwayo Goju-ryu, yaani ya ugumu na ulaini. Mwalimu huyu aliupitia mwaka 1945. Vita vya Okinawa, kuanzia Aprili hadi Juni mwaka ule, viliua watu zaidi ya laki mbili, askari na raia, na ngome ya Shuri ikasagika. Miyagi alipoteza watoto wake, na mwanafunzi wake mkubwa, Shinzato Jin'an, ambaye alitarajiwa kumrithi, naye akauawa. Baada ya vita mzee huyo alirudi kufundisha katika uwa wa nyumba yake, chini ya mbingu, vijana ambao baadhi yao walikuwa mayatima. Hakuwa na ukumbi wala sare. Alikuwa akimweka mwanafunzi muda mrefu sana katika kata moja, Sanchin, ambayo mtu akiitazama haoni kitu: hatua tatu mbele, pumzi, mkono, hatua nyuma. Humo ndimo walimotoka watu walioieneza njia hiyo duniani, hata ikafika Dar es Salaam katika miaka ya 1970, ilipofundishwa katika skuli ya Zanaki na Mmarekani mweusi aliyehamia Tanzania. Basi vijana wetu wengi wanaofanya Sanchin leo, mnyororo wao unarudi katika uwa ule.

Sasa tuje katika sharia. Asili ya mazoezi ya mwili ni kuwa yameruhusiwa, na yakiwa na nia njema huwa na thawabu. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha, katika hadithi aliyoipokea Muslim, kuwa Muumini mwenye nguvu ni bora na apendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu kuliko Muumini dhaifu, na wote wawili wana kheri. Yeye mwenyewe imepokewa kuwa alipigana mwereka na Rukana akamwangusha. Aliwapitia watu wa Aslam wakishindana kupiga mishale akawatia moyo, na Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao ndani ya msikiti siku ya Idi naye akitazama. Kwa hivyo anayewakataza vijana mchezo wa nguvu kwa kuwa ni mchezo tu, huyo anawadhikisha bila dalili. Wala si hoja kusema mwalimu si Muislamu. Imepokewa kuwa wafungwa wa Badr wasiokuwa na mali ya kujikomboa waliwafundisha watoto wa Answari kuandika, nao walikuwa washirikina waliotoka kupigana na Waislamu jana yake.

Kuinama ndiko kwenye uzito. Dojo zina namna mbili za salamu. Ya kwanza ni ya kusimama, mtu hukitikisa kichwa na kifua kidogo mbele ya mwenzake. Ya pili ni ya kupiga magoti: wote huketi juu ya visigino, huweka viganja sakafuni, na huteremsha vipaji vyao mpaka karibu na ardhi, kwanza kuielekea picha au kijumba cha mbele, kisha kumwelekea mwalimu. Wajapani na watu wa Okinawa wakisalimiana sokoni huinama pia, na kwao ni adabu kama sisi tunavyoshikana mikono. Hatuwasingizii kuwa wanaabudiana. Lakini sisi tuna mafunzo yetu. Tirmidhi amepokea kutoka kwa Anas (R.A.) kuwa mtu mmoja alimuuliza Mtume (S.A.W.) kama anapokutana na nduguye amwinamie, akamjibu kuwa la, akauliza kama ampe mkono, akamkubalia. Na wanavyuoni wengi wamekataza kuinama kwa salamu kwa hadithi hii, seuze kule kunakofanana na sujudu.

Rai yetu ni hii. Kuinamia kijumba cha Shinto, au picha ya maiti, hakufai kwa hali yoyote, hata kama kijana anasema moyoni mwake hamna kitu. Umbo la sujudu mbele ya kiumbe ni hivyo hivyo. Salamu ya kusimama, inapokuwa baina ya wawili wanaotaka kuanza zoezi, tunaona salama ni kuiacha na badala yake kuweka mkono kifuani au kumtazama mwenzio na kumwitikia kwa kichwa. Mzazi asimtume mtoto peke yake kulisema hili. Aende yeye, avue viatu mlangoni kama wengine, akae na mwalimu, amweleze kwa upole kuwa sisi hatuinami ila kwa Mwenyezi Mungu, na kwamba heshima ya mwanafunzi kwake haitapungua. Mwalimu mwenye akili hulielewa, kwa sababu heshima ndiyo anayoitafuta, na Waislamu wanacheza karate Misri, Iran, Indonesia na Malaysia miaka mingi sasa, si jambo geni. Akikataa katakata, akasema bila ya kukisujudia kile kilicho ukutani hapana mafunzo, basi jibu limekwisha kupatikana na viatu viko mlangoni. Kukaa kimya kwa dakika moja na kufumba macho kabla ya mazoezi, ambako wao huita mokuso, hakuna tatizo ikiwa ni kutuliza pumzi, na kijana atapata nafasi ya kumkumbuka Mola wake. Lakini akifundishwa humo itikadi, na aondoke.

Jambo jingine ni uso. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kuuepuka uso tunapopigana. Hapa dojo ya asili ya Okinawa ina nafuu kuliko mashindano ya viwanjani, kwani sehemu kubwa ya mafunzo yake ni kata, vyombo vya nguvu, na mazoezi ya wawili kama kakie, ambapo mikono hugusana na kusukumana mtu apate kuhisi nguvu ya mwenzake. Ngumi ya uso inapotupwa huzuiliwa kabla ya kufika. Katika mashindano mambo huweza kugeuka. Tarehe 7 Agosti 2021, katika michezo ya Olimpiki ya Tokyo, Waislamu wawili walikutana katika fainali ya uzito wa juu: Tareg Hamedi wa Saudi Arabia na Sajad Ganjzadeh wa Iran. Hamedi alikuwa mbele kwa nukta 4 kwa 1. Akatupa teke likampata mwenzake kichwani, Ganjzadeh akazimia na kutolewa kwa machela, na waamuzi wakamwondoa Hamedi kwa kupiga kupita kiasi. Aliyekuwa amelala ndiye aliyepata dhahabu. Watu walicheka na kubishana, lakini sisi tuliona sheria ile ya karate imesimama karibu sana na hadithi ya Mtume wetu: aliyeshindwa kuuzuia mguu wake amehesabiwa kuwa ameshindwa.

Na mzazi anayeogopa kuwa mtoto atakuwa mgomvi, khofu yake ina msingi, nao waalimu wa Okinawa waliijua khofu hiyo. Uechi Kanbun alikwenda Fuzhou katika China mwaka 1897, akajifunza miaka mingi, akafundisha huko huko. Wanafunzi wa mlango wake wanasimulia kuwa mmoja wa wale aliowafundisha aliingia katika ugomvi wa shamba, akampiga jirani yake akamwua. Uechi akarudi Okinawa mwaka 1910, akashika jembe, na miaka mingi ikapita hataki kumfundisha mtu hata ngumi moja. Ni mpaka katika miaka ya 1920, akifanya kazi kiwandani Wakayama katika Japani, ambapo kijana wa kwao alimsihi na kumsihi hata akakubali. Mtu huyu hakuwa na hadithi za Mtume mbele yake, lakini aliiona damu ya jirani yule kuwa iko shingoni mwake. Je, sisi ambao tumeambiwa na Mtume wetu kuwa mwenye nguvu si mwenye kuwaangusha watu, bali ni yule anayeimiliki nafsi yake wakati wa hasira? Kijana anayejaribu mapigo yake kwa mdogo wake nyumbani, au kwa mwanafunzi mnyonge skuli, huyo mzazi amtoe dojo mwezi mzima, na amweleze mwalimu sababu. Akiwa mwalimu wa kweli atamshukuru.

Tumeulizwa pia juu ya mabinti. Kujilinda ni haja ya mwanamke kama ilivyo haja ya mwanamume, na pengine zaidi. Vazi la karate ni jeupe, pana, suruali ndefu na koti lenye mikono, na mtu akiongeza mtandio unaofaa sitara hutimia kuliko katika michezo mingi. Feryal Abdelaziz wa Misri alishinda dhahabu Tokyo siku ile ile ya 7 Agosti 2021, na hijabu yake kichwani. Lakini mazoezi ya wawili yana kushikana na kusukumana, na hayo hayafai baina ya mwanamume na mwanamke wasio maharimu. Wazazi wa mtaa mmoja wakikusanyika wanaweza kumwomba mwalimu saa ya wanawake peke yao, na ikiwezekana mwalimu awe mwanamke. Wakiwa mabinti kumi au kumi na watano, saa hiyo hupatikana.

Imebaki saa ya Magharibi. Dojo nyingi hufunguliwa jioni, watu wakitoka kazini, na wakati wa Magharibi ni mfupi. Kijana asiseme atalipa akirudi. Mazoezi yakianza saa kumi na mbili, amwambie mwalimu mapema kuwa atatoka safuni kwa dakika kumi, awe na udhu wake na mswala wake katika mfuko pamoja na mshipi, na wakiwa Waislamu watatu wanne waswali jamaa pembeni ya ukumbi, pasipo picha mbele yao. Mwezi wa Ramadhani mazoezi yahamishiwe baada ya Tarawehi au yapunguzwe, na makiwara itangoja. Na ada ya mwezi ilipwe kwa wakati.

Wallahu aalam.